Zamu Yangu Kabla ya Ramadhani

Jumamosi, 30 Machi

Mwalimu Warsame ametugawia madaftari na kusema tuandike kila siku mpaka Ramadhani ifike. "Siku isiyo na neno hata moja haipo," alisema. "Atakayeniletea ukurasa mtupu nitamuuliza alikufa saa ngapi na akafufuka saa ngapi." Atahesabu kurasa tu, hatasoma. Ameapa.

Kwa hiyo nitaandika ukweli. Nilifika Hargeisa mwezi wa tisa kutoka pande za Odweyne, ambako Baba na Mama wako na ngamia na kondoo. Nakaa kwa Mama Mdogo Saado ili nisome. Darasani tuko wasichana kumi na tisa, na madawati ni ya watu wawili wawili. Nilipofika wenzangu wote walikuwa wameshachagua wa kukaa naye. Nakaa mbele peke yangu. Ubao nauona vizuri.

Mvua hakuna.

Jumapili, 31 Machi

Mvua hakuna. Hesabu nimepata ishirini na saba kwa thelathini.

Jumatatu, 1 Aprili

Filsan, anayekaa nyuma yangu, aliazima rula yangu, na alipoirudisha hakuondoka.

"Ugbad, Alhamisi alasiri unafanya nini?"

"Nafua."

"Mtu gani anafua Alhamisi alasiri? Njoo kwetu tunywe chai."

Akanieleza. Yeye, Hamda na Deqa hukutana kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, kwa zamu, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Mwenye nyumba anaoka kitu kwa mkono wake mwenyewe. Cha dukani hakikubaliwi. Walikuwa wanne, lakini mmoja amehamia ng'ambo na wazazi wake. "Keki ya watu wanne kwa watu watatu inatushinda," alisema. "Tumbo la Hamda limefika mwisho."

Nilimwambia Mama Mdogo. Alikuwa akikoroga udi jikoni. Hiyo ndiyo kazi yake: anapika udi kwa sukari na manukato, na mabibi arusi wa nusu ya mji wanavukizwa kwa udi wake. Hakugeuka.

"Nenda. Usile kama mtu aliyetoka jangwani."

"Lakini nimetoka jangwani, Mama Mdogo."

"Ndiyo maana nakuonya."

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeenda! Kwa akina Filsan ni ng'ambo ya pili ya korongo la mto. Nilivuka kwa miguu juu ya mchanga mkavu, mbuzi wamelala katikati ya mto kama wapo kwao.

Filsan alioka mkate mtamu wenye habasoda juu. Tulikaa juu ya zulia, chai ina mdalasini na hiliki, mlango wazi. Hamda anacheka kabla hujamaliza kusema. Deqa ni mrefu, anaongoza darasa kwa Kiarabu, na anakutazama kama anakusahihisha.

Waliniuliza ninachokikosa zaidi kutoka nyumbani. Nilisema maziwa ya ngamia ya Mama, kwa sababu kibuyu chake hukifukiza kwa kijiti kinachowaka kabla ya kukamua, na maziwa yanakuwa na harufu ya moshi.

"Moshi?" alisema Deqa. "Nyinyi hata maziwa mnayavukiza? Na wewe hukuvukizwa asubuhi kabla ya kuja shule?"

Hamda alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa na mkate mdomoni na sikujua la kufanya. Nadhani Deqa hanipendi. Mkate ulikuwa mtamu sana.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefua.

Jumanne, 9 Aprili

Upepo na vumbi. Mvua hakuna.

Alhamisi, 11 Aprili

Kwa Hamda. Alioka biskuti za siagi, nusu zimeungua chini. Alizipanga upande mzuri ukiwa juu, lakini Deqa aligeuza moja na kusema, "Hamda, hizi zimevaa soksi nyeusi." Hamda mwenyewe alicheka mpaka akalala chini. Nimegundua kwamba Deqa akimtania mtu, mtu huyo hukaa karibu naye zaidi. Sielewi bado.

Jumapili, 14 Aprili

Baba amepiga simu. Kondoo wawili wamekufa. Wananunua maji ya lori. Aliniuliza masomo, nikamwambia ishirini na saba kwa thelathini. Alisema, "Tatu zimekwenda wapi?"

Alhamisi, 18 Aprili

Kwa Deqa. Wana jiko la gesi lenye tanuri ndani. Aliipandisha keki ikawa juu kama kofia ya askari. Wakati wa kuagana alisema mbele ya wote:

"Wiki ijayo zamu ya Ugbad. Tuje na vikombe vyetu, au tutakinga mikono ukamue?"

"Vikombe vipo," nilisema. "Karibuni."

Nilikuwa nimefika katikati ya korongo niliposimama. Sijamuuliza Mama Mdogo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemuuliza. Amekataa.

"Nyumba hii si mkahawa."

"Wasichana watatu tu, Mama Mdogo."

"Watatu wana midomo mitatu na macho sita. Niache nifanye kazi."

Kabatini kuna vikombe kumi na viwili vya kioo vyenye ukingo wa dhahabu. Tangu nifike sijaona hata kimoja kikishuka. Jirani aliwahi kuniambia kwamba zamani, marehemu mume wa Mama Mdogo akiwa hai, hapa ndipo wanawake wa mtaa mzima walipokuwa wakinywa chai ya alasiri, na kwamba keki ya Saado ilikuwa ikisubiriwa kama mshahara. Siku hizi Mama Mdogo hunywa chai yake amesimama.

Jumapili, 21 Aprili

Leo nimesema uongo. Naandika kwa sababu Mwalimu ameapa hasomi. Niliwaambia wenzangu kwamba Mama Mdogo ana homa, kwa hiyo Alhamisi haiwezekani.

Filsan alisema pole. Hamda alisema pole. Deqa alinitazama tu, nikajua ameshanisahihisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Asubuhi Deqa alikuja kwenye dawati langu na mfuko. Ndani mna ndimu kumi na chupa ndogo ya asali.

"Mpe mama mdogo wako. Mama yangu anasema achemshe anywe moto, mara tatu kwa siku. Na ajifunike."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilifikiri kuzitupa ndimu korongoni, lakini mbuzi wangezila, na asali ilikuwa asali kweli. Nikafika nazo nyumbani.

"Ndimu za nini?" aliuliza Mama Mdogo.

Nikamwambia yote.

Akachukua ndimu moja, akainusa, akaiweka mezani.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa."

"Nisamehe, Mama Mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Homa?"

"Homa."

Akachemsha maji, akakamua ndimu mbili, akatia asali, akanywa glasi nzima taratibu mbele yangu, amekaa. Akafuta mdomo.

"Nimepona," alisema. "Binti wa watu amenitumia dawa na mimi sina ugonjwa. Nitamfungiaje mlango sasa? Alhamisi hii nina kazi ya watu. Ile inayofuata, waje."

"Tarehe mbili?"

"Tarehe mbili. Ndiyo ya mwisho, Ramadhani hiyo inaingia. Ikipita hiyo, hakuna chai ya alasiri mpaka Idi. Na uongo mwingine ukitaka kunisingizia, niulize kwanza naumwa nini."

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeipisha zamu yangu, Filsan ameichukua. Nimewaambia karibuni tarehe mbili. Deqa aliuliza kama homa imeshuka. Nikasema imeshuka kwa ndimu zake. Kwa namna fulani huo ni ukweli.

Mvua hakuna. Mtaani wanasema mwaka huu haitakuja.

Jumamosi, 27 Aprili

Keki ya kwanza ya majaribio. Mama Mdogo hana tanuri, ana sufuria nzito yenye mfuniko, na unapalia makaa chini na juu. Mayai sita, glasi ya sukari, glasi ya unga, hiliki. Hakuna siagi wala hamira. Kinachoinua keki ni mkono wako: unapiga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito.

Nilipiga mpaka nikachoka, nikafikiri kuchoka ndiko kuiva. Ilitoka nyembamba kama kandambili. Mama Mdogo aliiinua kwa vidole viwili.

"Umepata moja. Oka ya pili uvae."

Jumatatu, 29 Aprili

Amenifundisha mwenyewe. Alinishika mkono akanionyesha: zungusha upande mmoja tu, usigeuze, na tone likidondoka juu lisizame. Makaa mengi juu, machache chini. Ukishachanganya unga usipumzike hata kidogo, kwa sababu pumzi uliyoitia inatoka. "Keki haimngoji mtu," alisema. "Ukiisimamisha inakufa."

Imepanda! Ina rangi ya ngamia mchanga. Wakati wa kuipua nilidondosha mfuniko ukapinda ukingoni, lakini Mama Mdogo hakugomba. Alikula vipande viwili. Amesimama, lakini viwili.

Jumanne, 30 Aprili

Baba amesema kondoo hawasimami wenyewe asubuhi, inabidi wainuliwe. Sauti yake ilikuwa ya upole sana. Baba akiwa na matumaini huwa mkali.

Baada ya sala ya magharibi niliomba mvua. Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Lakini si Alhamisi," kwa sababu ya jiko la uani na kwa sababu ya korongo. Nikaona haya hata sikuweza kunyanyuka. Nilimweleza Mama Mdogo.

"Mungu si dereva," alisema, "umwambie usinishushie kesho kutwa. Kalale."

Jumatano, 1 Mei

Mama ametuma kibuyu cha maziwa kwa lori la mbuzi. Nilipokifungua harufu ya moshi ilinitoa machozi. Nitayatia kwenye chai ya kesho? Deqa atasema. Sijui.

Mawingu upande wa kusini. Hakuna anayeyazungumzia, kama mgeni ambaye ukimtaja hatokei.

Alhamisi, 2 Mei

Naandika Ijumaa asubuhi, lakini tarehe ni ya jana.

Nilirudi kutoka shuleni saa sita. Mama Mdogo alikuwa na kazi ya bibi arusi wa Jumamosi: nguo zimetandazwa juu ya kitenga cha kuvukizia chumbani, chini yake vyetezo viwili vikubwa vya makaa na udi wake wa bei. Alitoka kupeleka chupa za manukato mtaa wa tatu. "Nguo zikishavukika zitoe," alisema. "Na usiguse kingine."

Saa nane nilizitoa na kuzikunja. Nikawasha jiko uani, nikaanza kupiga mayai. Nilipiga upande mmoja tu. Tone halikuzama. Nikatia unga, nikachanganya, nikamimina kwenye sufuria, na nilipoinua uso niende uani, mbingu ilifunguka.

Si manyunyu. Mvua ya miezi saba ilishuka kwa mara moja, na mtaa wote ukapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakatoka na mabeseni. Mimi nami nilikimbia uani na kuinua uso na kusema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kwa sababu moyoni niliwaona kondoo wa Baba. Na jiko langu lilikuwa likilia tssss miguuni pangu, likazima.

Gunia la makaa lilikuwa wazi ukutani, linachuruzika. Nani anafunika makaa katika mji unaoomba mvua? Tangu nifike hapa hakuna aliyelifunika hata siku moja.

Na keki haimngoji mtu. Niliitazama, tayari mapovu yanapasuka juu.

Makaa ya moto katika nyumba nzima yalikuwa sehemu moja tu. Nikachukua koleo. Nilikung'uta udi kaa moja moja, nakumbuka vizuri kwamba nilikung'uta. Nikaweka machache chini ya sufuria kwenye ukumbi, mengi juu ya mfuniko uliopinda, nikakaa kuilinda. Baada ya muda nikasikia harufu nzuri sana. Nikafikiri inatoka chumbani.

Mama Mdogo aliingia amelowa mpaka nywele.

"Ugbad. Makaa ya chetezo changu yako wapi?"

"Juu ya keki."

"Yenye udi wa bibi arusi?"

"Niliukung'uta, Mama Mdogo."

"Udi wangu haukung'utiki! Ndiyo maana wananipigia simu kutoka Berbera!"

Alifunua mfuniko. Keki ilikuwa imepanda, nzuri, ya kahawia, na moshi mwembamba wa bluu ukaondoka juu yake kama unaagana nayo. Mama Mdogo alikaa chini kwenye sakafu. Mabega yalianza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka, ana sauti ya mtoto.

"Hata marehemu," alisema, "hata yeye, siku ya arusi yetu, hakuvukizwa vizuri hivi."

Mayai yalikuwa yamekwisha. Keki nyingine haikuwepo. Halafu jirani alipita mlangoni akipiga kelele kwamba mto umekuja, korongo limejaa ukingo kwa ukingo, gari limebaki mchangani. Nikajua hawatakuja, na kwamba Jumatatu ni Ramadhani, na kwamba baada ya Idi watakuwa wamempata mwingine wa nne.

Mama Mdogo alifungua kabati. Akateremsha vikombe vitano vya ukingo wa dhahabu, akavipangusa kimoja kimoja kwa ncha ya mtandio wake, akavipanga kwenye sinia.

"Mto umejaa, Mama Mdogo."

"Nimesikia. Weka maji ya chai kwenye makaa yaliyobaki."

Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja. Mvua ikapungua. Nilikuwa nimeanza kuifunika keki kwa kitambaa mlango ulipogongwa.

Walikuwa watatu, wamelowa, viatu mkononi, wanacheka na kutetemeka. Deqa ndiye aliyekuwa mbele, na mkononi alikuwa na kiatu kimoja.

"Tumezunguka daraja la juu," alisema Filsan. "Mimi na Hamda tulitaka kurudi. Huyu alikataa."

"Sijatoa ndimu kumi bure," alisema Deqa. "Mto umechukua kiatu changu. Chai iko wapi? Shikamoo, Mama Mdogo. Homa imeisha?"

"Marahaba. Imeisha kabisa," alisema Mama Mdogo bila kupepesa. "Ile asali ilikuwa nzuri."

Niliwaambia ukweli kabla ya kukata keki: makaa, udi, yote. Nikasema anayetaka asile. Hamda tayari alikuwa anacheka. Deqa alichukua kipande, akakinusa, akatafuna. Alitafuna muda mrefu. Nilihesabu mpaka kumi na nne.

"Hii keki," alisema, "inanukia arusi."

"Mbaya?"

"Nimesema mbaya? Nimesema arusi. Nipe kingine, nimefika kwenye chumba cha bibi arusi tu, sijaona ukumbi."

Akanywa chai, akasimamisha kikombe. "Na hii?"

"Maziwa ya Mama yangu. Ya moshi."

Akanywa tena, mpaka chini. "Maziwa yamevukizwa. Keki imevukizwa. Mimi ndiye niliyebaki mbichi hapa ndani?"

Mama Mdogo aliinuka. Akaleta chetezo, akatia udi, ule ule wa bei, akakiweka katikati ya chumba. Wakasimama kukizunguka wametandaza mitandio yao iliyolowa, moshi unapanda mikononi na kwenye nywele, na Hamda akaanza kuimba nyimbo za kumtoa bibi arusi. Deqa akasema bibi arusi ni mto, umeshachukua kiatu kama mahari. Na Mama Mdogo alikaa nao kwenye zulia, na kikombe chake mkononi. Alikaa, naandika hili kwa herufi nzuri, mpaka chai ikaisha.

Ijumaa, 3 Mei

Baba amepiga simu. Kwetu nako imenyesha, siku ile ile, saa ile ile. Kondoo wawili wengine walikufa kwa baridi, lakini waliobaki wamesimama. Aliniuliza masomo kwa ukali sana. Nilifurahi.

Jirani amekuja kuuliza harufu ile jana ilikuwa ya nini. Mama Mdogo alimkatia kipande cha mwisho, akamwambia, "Ingia ukae, Kinsi, kwa nini unasimama mlangoni kama mdai?"

Jumamosi, 4 Mei

Nilipoingia darasani nilikuta mfuko kwenye dawati langu. Deqa alikuwa amekaa hapo hapo, upande wa dirisha.

"Sogea," alisema, ingawa ni mimi niliyekuwa nimesimama. "Kule nyuma ubao siuoni."

Anaongoza kwa Kiarabu kutoka kule kule nyuma mwaka mzima. Nilikaa.

"Nywele zangu bado zinanukia," alisema akifungua kitabu. "Mama ameniuliza nilikuwa arusi ya nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ya Ugbad."

Jumapili, 5 Mei

Kesho Ramadhani, Mungu akipenda. Mwalimu Warsame amehesabu kurasa na kusema nilikufa siku kadhaa lakini kila mara nilifufuka, akanirudishia daftari. Kulingana na zamu, Alhamisi ya kwanza baada ya Idi ni ya Hamda, lakini wote watatu wamesema iwe yangu, na kwamba nikithubutu kutumia makaa ya kawaida hawaji.

Mvua imenyesha tena asubuhi hii. Nimefunika gunia.